Kipya Kinyemi

Nimeinunua kwa madirisha arobaini na mawili.
Ndivyo ninavyohesabu: msimu mzima wa baridi
nikipaka buluu fremu za nyumba za wageni,
vidole vimeganda, redio ya fundi ikikoroma,
na dirisha la mwisho kabisa
lilinunua kile kizibo kidogo cha nailoni
kinachoilinda ncha isinichome mwenyewe.

Binamu yangu Skevos aliipokea kwa mikono miwili
kama aliyeshikishwa mtoto wa watu.
Akainusa. "Msaji," akasema.
Akafumba jicho moja, akaitazama toka kitako hadi mdomo:
"Imenyooka kuliko ukoo wetu."
Yeye hutumia ile ya marehemu baba, tunayoiita Kiguru,
imefungwa waya na gundi, hupiga kushoto,
na Skevos kwa miaka ishirini amezoea kulenga kulia.

Tulitoka Kalymnos asubuhi, mwezi wa tatu,
injini ikikohoa, maji baridi
kama sarafu juu ya ulimi.
Juu yetu wageni walining'inia majabalini kwa kamba za rangi,
mijusi waliolipa nauli ya ndege,
na kengele za mbuzi zikiwapita kwa dharau.

Nikaegemeza kitako kifuani.
Raba ya kwanza ikakubali.
Ya pili ikagoma, ikanisukuma, ikatafuta nafasi
kati ya mbavu ambazo muuzaji hakuzitaja.
Yeye alitaja mita tano bila kutetemeka.

Nikavuta pumzi, ya tumbo, kisha ya mabega,
nikajipindua. Risasi za mkandani
(hizi hazijaua mtu, kazi yake ni kuzamisha)
zikanichukua.
Mita saba, masikio yakalia; nikabana pua,
yakafunguka kama mlango wa friji.
Mita kumi na mbili, nikalala juu ya jiwe,
moyo ukipiga taratibu
kama mpanda ngazi mwenye gunia.

Chewa akatoka.
Kahawia, madoa ya maziwa ubavuni,
mdomo wa hakimu aliyekatizwa usingizi.
Akasimama mbele ya pango lake, mita tatu, wazi kabisa,
samaki ambaye hata Kiguru angempata.

Nikafyatua.

Kiguru huondoka kwa kishindo, hukuachia muda wa kujuta.
Hii ilikuwa imeshafika kabla sijaamua.
Mshale ulipita juu ya mgongo wake, upana wa kidole,
ukaingia ufa wa mwamba, ukanasa.
Chewa akaugeukia, akautazama
(naapa, aliutazama),
akarudi ndani bila haraka. Mkia ukafunga mlango.

Nikaibuka.
"Imepiga?" akauliza Skevos.
"Imepiga."
"Imepiga nini?"
"Ugiriki."
Alicheka hadi mashua ikayumba.

Nilizama mara sita kuuchomoa, nne kwa hasira.
Ya sita ukaachia, na juu yake pweza,
ameukumbatia kwa mikono yake yote, hana mkwaruzo,
mwenye nyumba aliyetoka kudai fidia.
Huyo ndiye tuliyerudi naye.

Njiani sikusema sana.
Nilikuwa nafikiri: mwenye bunduki mbovu
daima ana wa kumlaumu.
Baba alikosa kushoto maisha yake yote
na sote tulijua kwa nini.
Hii imenyooka. Kilichopinda, basi,
itabidi nikitafute kwingine,
begani labda, au kwenye ile haraka
ya kutaka madirisha yangu yarudi siku ya kwanza.

Usiku nikaiosha kwa maji ya kunywa
kabla sijaosha nywele zangu.
Kifuani kuna alama ya zambarau, umbo la kitako,
hata skrubu zake mbili zinaonekana.
Nikiigusa inauma.
Nimeigusa mara tatu.

Nje, kizingitini, Skevos ananoa ncha iliyobutuka,
tupa ikilia juu ya chuma.
"Themelina," anaita, "kesho lenga chini kidogo.
Na uvae sweta mbili."